Wifi anataka kunipaka rangi nyumbani, mama anasema niende saluni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tanga. Mvi zilianza kunitoka nikiwa na miaka 28, kama walivyo ndugu wote wa upande wa baba, na sasa zimejaa mbele, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya masikio. Nywele zangu ni za dawa. Naweka dawa kila baada ya miezi miwili hivi, na mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita. Iliniunguza kidogo kisogoni, ila kidonda kinakauka.

Mdogo wangu anaolewa baada ya wiki tano. Mimi ndiye dada mkubwa, nitakuwa kwenye kila picha, na kwa kweli naumia nikifikiria wageni watadhani mimi ndiye mama wa bibi harusi. Nataka rangi ya kahawia, ile ya chokoleti, kichwa kizima, mvi zifunikwe zote.

Sasa nyumbani kumekuwa na mvutano. Wifi yangu hujipaka mwenyewe kila mwezi, rangi nyeusi ya unga, anachanganya kwenye bakuli na kupaka bafuni, na hajawahi kupata tatizo lolote. Ameshaninunulia boksi la rangi ya chokoleti kwa shilingi 12,000 na anataka tupake Jumamosi hii. Mama hataki kabisa. Anasema nywele zilizowekwa dawa hazichezewi na mtu asiye fundi. Nimekwenda kuuliza saluni moja, wakanitajia 70,000. Yule dada alinitajia bei huku akiendelea kumsuka mteja, hata kichwa changu hakukitazama. Nikajiuliza, hiyo 70,000 nalipia nini hasa, wakati nimeshachangia harusi na bado kuna sare?

Nisaidie, Shangazi. Nipake nyumbani au niende saluni? Na je, nisubiri mpaka karibu na harusi au nipake sasa?

Jambo dogo nimesahau: miaka minne iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu, nilipakwa piko mikononi. Siku ya pili ikaanza kuwasha, yakatoka malengelenge yenye maji, mkono ukavimba. Nikanunua dawa ya kupaka duka la dawa, ikaisha baada ya wiki mbili. Nadhani ile piko ilikuwa mbovu, maana wenzangu hawakupata kitu. Mpaka leo ukiangalia vizuri kwenye kifundo cha mkono utaona ua moja limebaki jeupe. Sijui kama hilo lina uhusiano.

Dada wa Bibi Harusi, Tanga

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa harusi.

Lina uhusiano mkubwa. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele ya nyingine zote wiki hii. Tafadhali usipake lile boksi Jumamosi. Wala usiende kupakwa saluni, hata kama wangekufanyia bure.

Nikueleze kwa nini. Hina yenyewe, majani ya mhina yaliyotwangwa, hutoa rangi ya chungwa ambayo hukolea mpaka wekundu wa damu ya mzee. Haitoi weusi. Ule weusi wa piko, unaokauka ndani ya nusu saa na kung'aa kama wino, mara nyingi unatoka kwenye unga wa rangi ya nywele uliokorogwa na kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenediamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Kemikali hiyo hiyo, au ndugu yake wa karibu, ndiyo inayofanya kazi kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele, ziwe za unga au za krimu, za elfu moja au za laki moja. Rangi ya chokoleti nayo imo humo, kwa sababu kahawia iliyokolea hujengwa kwa kemikali zile zile. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD kwenye rangi ya nywele ikishachanganywa tayari kupakwa, na kuipaka kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Kwetu inachorwa mikononi mwa watoto wa miaka sita wakati wa Idi, tena bila kupimwa.

Wewe unasema ile piko ilikuwa mbovu kwa sababu wenzako hawakudhurika. Tazama tena hilo ua lililobaki jeupe. Malengelenge yalifuata mchoro, sivyo? Yalitoka pale pale wino ulipopita, na pasipopita wino ngozi ilibaki salama. Hiyo ndiyo alama ya mzio, aleji kama tunavyozoea kusema. Wenzako walipakwa piko ile ile, ila miili yao ilikuwa haijaikataa bado. Wako umeikataa, na mwili ukishaijua kemikali hii hauisahau kirahisi. Miaka minne haitoshi, hata kumi haitoshi. Mara nyingi safari ya pili huja haraka na kwa ukali zaidi kuliko ya kwanza, na safari hii isingekuwa mkononi. Ingekuwa kichwani, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye macho.

Nimefanya kazi ya saluni miaka 22 na mteja mmoja sijamsahau. Alikuwa mama wa makamo, mpole, alikuja kupaka rangi nyeusi kwa ajili ya mahafali ya mwanawe. Nilimpaka vizuri, nikamwosha, nikamkausha, akatoka akifurahi. Kesho yake jioni binti yake akanipigia simu. Nilipofika kwao nilimkuta ameketi kitandani, kope zimevimba mpaka macho yamefumba kabisa, masikio yamekuwa mazito na mekundu, na maji ya njano yanachuruzika kutoka kwenye mstari wa nywele hadi shingoni. Alikaa hospitali siku tatu. Mahafali hakuyaona. Nilipomuuliza, ndipo akaniambia kwamba mwaka mmoja kabla piko ilimwasha. Sikuwa nimemuuliza kabla ya kumpaka. Tangu siku hiyo, mtu akikaa kwenye kiti changu akataka rangi, swali la kwanza ni hilo, kabla sijagusa kitana.

Utaambiwa ufanye majaribio: upake rangi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje saa 48. Hayo ni majaribio mazuri kwa mtu ambaye hajawahi kudhurika. Wewe umeshajaribiwa na jibu liko kifundoni, kwa hiyo usijijaribu nyumbani. Ukisoma kikaratasi kilichomo ndani ya boksi la rangi, kile tunachokitupa pamoja na glavu, mara nyingi utakuta kimeandikwa kwamba aliyewahi kudhurika na mchoro wa hina nyeusi asiitumie. Mwombe wifi yako akitoe msome pamoja, itakusaidia pia kumweleza bila ugomvi.

Ukitaka uhakika, nenda hospitali. Anzia Bombo, uwaeleze yaliyotokea na kuwaonyesha hilo ua, na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. KCMC kule Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na madaktari wa fani hiyo wapo pia Muhimbili. Kipimo chenyewe ni cha kubandika: vibandiko vidogo vyenye kemikali mbalimbali huwekwa mgongoni, vinabanduliwa baada ya siku mbili, na ngozi inasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Si kila hospitali inacho, kwa hiyo uliza kwa simu kabla ya kupanda basi.

Kuna maneno mawili ya kwenye maboksi ambayo huwadanganya wengi. La kwanza ni "haina amonia". Amonia ndiyo ile harufu kali inayochoma pua, na kutokuwepo kwake hakusemi chochote kuhusu PPD. La pili ni "haina PPD". Hapo mara nyingi wameweka ndugu yake, ambaye huitwa toluini-diamini, na wengi waliokataliwa na PPD hukataliwa na huyo pia. Usiziamini hizo mpaka upate kauli ya daktari.

Sasa tuje kwenye harusi, maana najua bado unataka kupendeza, na unastahili.

Kahawia ya chokoleti unaweza kuipata bila tone la rangi kichwani. Suka rasta. Chagua rasta mbili, nyeusi na kahawia, zichanganywe, na msusi aanze mistari ya mbele kwa rasta ya kahawia ili mvi zimezwe humo humo. Ila usisuke sasa. Hicho kidonda cha dawa kisogoni kipone kwanza kabisa, kisha msusi asikaze kingo za mbele, kwa sababu nywele zilizotoka kwenye dawa hazina nguvu ya kuvutwa. Ukisuka siku nne au tano kabla ya harusi, maumivu yatakuwa yamekwisha na mistari bado inang'aa. Mvi chache zitakazochungulia kwenye kingo zipake poda ya macho ya kahawia kwa brashi ndogo, saa moja kabla ya picha. Hakikisha ni poda ya vipodozi na si wanja wa unga usioujua.

Njia ya pili ni hina safi, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu pakiti nyingi zinazoitwa hina hazina usafi huo. Unga wa hina safi una rangi ya kijani iliyochakaa na harufu ya majani makavu. Hufanya kazi polepole, saa tatu au nne kichwani. Pakiti inayokuahidi nywele nyeusi kwa dakika thelathini ina kitu kingine, hata kama nje wamechora jani. Njia salama kuliko zote ni majani yenyewe. Tanga hamkosi nyumba yenye mhina uani. Yakaushe kivulini, yatwange, chekecha kwa kitambaa chepesi, kanda na chai ya rangi ya uvuguvugu iliyokolea mpaka iwe kama uji mzito, funika, uache usiku kucha. Asubuhi utaona juu pamegeuka kahawia na ukifunua chini bado ni kijani. Hapo rangi imetoka.

Lakini ujue utapata nini. Hina haipunguzi weusi wa nywele. Nywele zako nyeusi zitabaki nyeusi zenye wekundu kidogo juani, na mvi zitakuwa rangi ya shaba. Wengine wanaipenda sana, wengine wanalia. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, ukitazame mwangani. Hina safi nayo, ingawa ni nadra kumdhuru mtu, ipake kidogo mkononi kwanza ungoje siku mbili.

Nimeyasema yako. Lakini wasomaji wengine wameniandikia swali lile lile la nyumbani na saluni, na wifi yako naye ataendelea kupaka, kwa hiyo sitaki niwaache.

Mama yako amesema kweli kuhusu nywele za dawa. Dawa inanyoosha unywele kwa kuvunja vifungo vilivyoushikilia ndani, na vifungo hivyo havirudi. Rangi ya kudumu nayo inaufungua unywele huo huo ili iingie. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, unywele unakuwa kama uzi uliolowa: unauvuta, unarefuka, halafu unakatika mkononi. Weka dawa kwanza, ngoja angalau wiki mbili, ndipo rangi. Na kama dawa ilikuunguza, ngoja mpaka hakuna hata ukoko, kwa sababu kwenye kidonda kemikali inaingia moja kwa moja.

Hiyo 70,000 unalipia nini? Kwa fundi anayejua kazi, unalipia zaidi ile chupa ya krimu nyeupe inayochanganywa na rangi, yaani peroksaidi, na akili ya kuichagua. Zipo za asilimia 3, 6, 9 na 12, ambazo mafundi huziita volyumu 10, 20, 30 na 40. Boksi la dukani lina chupa moja tu, mara nyingi ya asilimia 6, na haijali kama nywele zako ni ngumu, zimechoka, au zilipakwa hina mwezi uliopita. Kwa kufunika mvi asilimia 6 inatosha. Matatizo huanza pale mtu anapotaka kutoka kwenye weusi kwenda kwenye rangi ya asali au dhahabu. Rangi haiwezi kuitoa rangi iliyokwisha kupakwa, na weusi wa asili huupunguza kidogo tu. Lazima upite kwenye blichi. Na nywele zetu nyeusi zikipigwa blichi hupitia wekundu, kisha chungwa, kisha njano. Anayefanya nyumbani huishia kwenye chungwa, akaogopa, akapaka blichi tena usiku huo huo, na asubuhi analeta nywele kwangu zikiwa kwenye mfuko. Blichi, kutoa weusi wa unga uliopakwa miaka, na kurekebisha rangi iliyoharibika ni kazi za saluni. Kwa nywele za dawa, blichi mimi siipaki hata mteja akinibembeleza.

Nyumbani panafaa kwa kazi moja hasa: kufunika nywele mpya zilizoota kwenye mashina, kwa rangi ile ile uliyozoea au iliyokolea zaidi, kwa mtu ambaye ngozi yake haijawahi kulalamika. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wifi yako anapopaka kichwa kizima kila mwezi anazirundikia rangi ncha zisizoihitaji. Ndiyo maana ncha zake, nina hakika, ni kavu kama makumbi. Apake mashina tu, na dakika tano za mwisho apitishe kidogo kwenye urefu. Asioshe kichwa siku hiyo, mafuta ya ngozi yanasaidia kukinga. Bakuli liwe la plastiki, sufuria ya chuma hapana. Apake mafuta ya mgando kwenye kingo na masikio, asiguse nyusi kabisa, na asizidishe muda ulioandikwa akidhani itakolea zaidi. Ikianza kuchoma, aoshe hapo hapo kwa maji mengi ya uvuguvugu. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja, usiku huo huo.

Na afanye yale majaribio ya saa 48, kila mara. Anasema hajawahi kupata tatizo. Yule mteja wangu naye alikuwa amejipaka miaka tisa.

Kama unapenda mkono wa fundi lakini bei inakushinda, nunua rangi yako dukani, kagua alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya mwisho, uende nayo saluni ulipie ufundi tu. Saluni nyingi wanakubali. Faida nyingine ni kwamba utaiona pakiti ikifunguliwa mbele yako. Ila yule dada aliyekutajia bei bila kukutazama kichwa, hata kwa msomaji mwenye ngozi salama, nisingemshauri akae kwenye kiti chake. Fundi anayejali atakuuliza umeweka dawa lini, umepaka nini mwaka huu, na kama piko iliwahi kukuwasha. Asipouliza, inuka.

Nirudi kwako, kwa sababu kuna hatari nyingine iliyo karibu kuliko boksi la wifi. Usiku wa hina utafika, mpakaji wa piko atakuja na bakuli lake, na wewe dada mkubwa utakuwa wa kwanza kuvutwa mkono. Usingoje usiku ule. Mwambie somo wa bibi harusi wiki hii, mwonyeshe hilo ua, na umwambie kwamba wewe ni hina tupu. Kisha muulize mdogo wako kama yeye aliwahi kuwashwa. Mzio wa mtu mmoja hauna maana lazima ndugu awe nao, lakini ni mikono ya bibi harusi, na siku ile hawezi kuvaa glavu. Ikiwa atakubali hina safi, mpakeni Alhamisi jioni kama nikaha ni Jumamosi. Hina ikibanduliwa huwa chungwa, inawatia watu wasiwasi, halafu inakolea yenyewe siku ya kwanza na ya pili. Asiilowanishe kwa maji usiku ule, aikwangue kwa mafuta ya nazi na kulala nayo. Jumamosi asubuhi itakuwa imefika pale mnapoitaka.